Ndoo Kumi na Mbili za Mirehani

Fundi bomba huyu watu walimwita Koki, na hata mkwewe alishasahau jina lake halisi. Miaka arobaini ameziba mabomba ya watu, na kitu kimoja hakuwahi kukivumilia: tangi lisilojaa. Tangi nusu, kwake, lilikuwa ugonjwa. Alipostaafu akarudi nyumbani, ghorofa ya tatu, akaketi.

Mkewe ndiye asiyekaa. Kwa vile hawakuwa na hata kiganja cha udongo, mama wa watu aliotesha mirehani roshani, kwenye ndoo kumi na mbili zenye vifuniko. Ndani ni maji yaliyotiwa mbolea tu. Kila mche umeshikwa na kokoto kwenye kikombe kilichotobolewa, mizizi inaning'inia. Aliipenda, jamani! Asubuhi aliisalimia kabla ya kumsalimia mume.

Binti yao alipojifungua, mama akafunga safari ya wiki tatu.

"Maji yatapungua," alimwambia mumewe mlangoni. "Yaache yapungue. Mizizi ya juu inapumua pale palipo wazi. Wewe chungulia tu kila asubuhi, wadudu wasiingie. Umenisikia, mzee?"

"Nimesikia, mama. Kwani mimi mtoto?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Siku ya nne Koki alifunua kifuniko, akakuta ndoo iko nusu. Roho ikamuuma. Ya pili, nusu. Ya tatu, vilevile. Akajisemea, huyu mwanamke vipi, anaacha viumbe vife kwa kiu! Akachota maji, akazijaza zote kumi na mbili mpaka pomoni, na mchana ule akalala usingizi ambao hakuwa ameuonja tangu astaafu.

Siku mbili baadaye majani yalikuwa yamelala. Siku ya tatu mashina yakaanza kuwa meusi chini, na ndoo zikanuka uvundo. Lo! Alifikiria kulisingizia jua. Alifikiria kutafuta miche mingine sokoni. Mara simu ikalia.

"Wanangu hawajambo?" mkewe akauliza.

"Hawajambo kabisa," akajibu, akakata. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, mwongo! Hata dakika tano hazikupita, akampigia.

"Mama, nimeiua. Niliongeza maji. Bora ungemwachia jirani."

Kitoto kichanga kilikuwa kikilia kwa mbali.

"Kuna vilele vilivyo kijani bado?"

"Vipo vichache."

"Shika mkasi. Kata chini kidogo ya kifundo cha shina, toa majani ya chini, tia kwenye glasi ya maji. Vitaota."

Alikata, simu kaibana kwa bega. Akapata vilele vinane. Glasi zilikuwa saba, kwa hiyo cha mwisho akakitia kwenye kikombe chake cha chai. Akaomba radhi tena, pengine kwa mara ya tano.

"Nyamaza, baba. Mbegu ninazo," mkewe akasema. "Na jirani ningeweza kumwachia, kweli. Lakini tangu ustaafu unakaa tu, husemi, hucheki. Unanitisha. Nikasema nikikuachia kitu cha kukuamsha asubuhi, huenda nikirudi nitakukuta."

Koki alivuta kigoda, akakaa katikati ya ndoo, akalia bila kujificha. Mkewe alimsubiri.

"Haya, niambie," Koki akasema mwishowe, akipangusa uso kwa mkono. "Hii mizizi huanza kutoka siku ya ngapi?"