Mawe Niliyoyapandisha Mwenyewe

Kabla ya mguu huu kukatwa, mimi nilikuwa mtu. Naitwa Bi Tausi wa Ujiji, darasa la nne sikumaliza. Miaka thelathini nimeanika dagaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, ndoo kichwani bila kuishika, na kwa dagaa hao nikajenga vyumba vitatu. Udongo wa matofali niliukanyaga mwenyewe. Bati nililipigilia misumari michache, nikapandisha mawe juu yake, kama wengi tunavyofanya huku, upepo wa ziwa usiling'oe.

Mjukuu wangu Zaina ni mwalimu wa jiografia, shule ya Gungu. Kila akija anaangalia juu.

"Bibi, yashushe hayo mawe. Ziwa lenyewe hili ni ufa. Ardhi ya huku na ya Kongo zinaachana polepole, hata kucha inaota upesi zaidi. Zinakwama chini kule, zinavutana, siku zikiachia ndiyo tetemeko."

"Mke mwenzangu, bati likiruka, babu yako alale kwako?"

Babu yake alishakufa zamani. Tulicheka sana. Mawe yakabaki.

Siku yenyewe, saa tatu asubuhi, nilikuwa nachambua maharage mlangoni. Ukaja mvumo kutoka chini, kama lori lenye mzigo linapita ndani ya ardhi. Sufuria zikagongana. Nikainuka, ardhi ikanikataa. Watu wanapiga kelele, "Tokeni nje!" Mimi nje nilikuwepo, lakini nimebanana na ukuta wangu, chini ya bati langu. Jiwe la kwanza lilinipita sikioni. La pili likatua mguu wa kulia, chini ya goti. Nilisikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu. Kutazama, mfupa mweupe umetoka nje ya ngozi, damu yangu inaingia kwenye maharage.

Hospitali nikamkuta daktari kijana.

"Shikamoo, bibi. Kidonda kiko wazi, kimeingia udongo. Leo hii tukisafishe, tufunge vyuma. Mguu utapona."

"Marahaba. Mguu wangu hauguswi na kisu."

Zaina akapiga magoti, analia. Nikamwambia, "Wewe ulisomea ziwa, hukusomea miguu." Maneno hayo yananila mpaka leo.

Nikashikilia nipelekwe kijijini Simbo, kwa mzee anayeunga mifupa. Aliwahi kumuunga mama yangu mkono ukanyooka. Ila mkono wa mama ulivunjikia ndani, ngozi nzima. Mzee mwenyewe alisita.

"Mama, huu umepasuka. Mimi sifungi kilichopasuka."

Nikamng'ang'ania mpaka akafunga, vijiti vya mianzi na majani. Siku ya tatu mguu ulivimba ukang'aa. Siku ya tano homa ikanitetemesha, nikapiga kelele watu watoke ndani, nikidhani ni ardhi tena. Siku ya saba usaha wa kijani, vidole vyeusi kama ndizi iliyooza. Waliokuja kunipa pole walisimama mlangoni wameziba pua. Mimi ni mtu wa samaki, harufu ya kuoza naijua. Nilijua siku mbili nzima, nikanyamaza kwa kiburi.

Nikarudishwa kwa daktari yuleyule. Hakunisema, na hilo liliniuma zaidi.

"Bibi, sasa tukate juu ya goti, la sivyo tutakupoteza."

Nikasaini.

Wanasema nimepona. Kidonda kimefunga, kweli. Lakini alfajiri unyayo usiokuwepo unawasha, napeleka mkono kuukuna, nashika mkeka. Mwaloni siendi, mchanga unameza gongo ninalotembelea. Wenzangu wananiletea dagaa nichambue, nawashukuru, wakiondoka nalia. Kuna siku namuuliza Mungu aliniacha ili iweje.

Hata hivyo namshukuru, pumzi ni yake. Namshukuru daktari, na Zaina anayeniogesha bila kunikumbusha neno. Ninyi mnaonisoma, mfupa ukitoka nje ya ngozi, hospitali siku hiyohiyo. Nilikimbia kisu kidogo, nikakatwa kwa kikubwa. Ardhi ikitetemeka ukiwa nje, kaa mbali na ukuta. Na mawe yashusheni, kanunueni misumari.

Juzi nilimwambia hivyo jirani yangu, Mama Shida. Akacheka. "Na upepo je, Bi Tausi? Utanishikia bati?"

Nikapandisha kanga, nikamwonyesha kipande cha paja kilichobaki. Akaacha kucheka.

Leo asubuhi nimetazama juu ya nyumba yake. Mawe bado yapo, na watoto wake wanacheza chini yake.