Walitufungia Dansini Biharamulo

Nianze na aibu yenyewe, nisije nikakaa naizungukazunguka. Nilikwama kwenye kidirisha cha ghala la pamba pale Biharamulo, mchana kweupe, siku ya Jumapili. Kichwa na mikono viko nje vinapunga upepo, makalio yamebaki ndani kwenye dansi, na bendi ilikuwa bado inapiga. Watu wa nje waliniona uso, watu wa ndani waliniona kwingine, na mpaka leo sijui akina nani walipata hasara zaidi.

Kidirisha chenyewe ndicho karani alikuwa anapitishia malipo ya wakulima msimu wa pamba. Kimejengwa kwa ajili ya mkono. Mimi nilidhani natosha. Shule niliiacha darasa la tano, tulipofika kwenye kupima eneo, kwa hiyo msinicheke sana.

Ilikuwa wakati wa vita ya Kagera. Vijana wengi walikuwa wamekwenda mpakani, na sisi tuliobaki vijijini kazi yetu ilikuwa kulima na kuchanga. Tukasikia kuna bendi inakuja Biharamulo kupiga dansi la kuwachangia askari. Kiingilio ni chakula, chochote ulicho nacho, maharage, karanga, kuku. Mimi na rafiki yangu, ambaye tulikuwa tunalima naye bega kwa bega kwenye shamba la kijiji kule Ngara, tulikuwa hatujawahi kuona gitaa la umeme. Tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba ruhusa, tukamwambia tunapeleka mchango wa vita. Haikuwa uongo. Kila mmoja alikuwa na kuku. Hatukumwambia tu kwamba na viuno vinakwenda kuchangia.

Akatupandisha kwenye lori la mahindi. Mbung'o wakatula msitu mzima mpaka Lusahunga, na tulipofika Biharamulo nilikuwa nimevimba sikio moja, nasikia upande mmoja.

Mlangoni kwenye ghala walikaa mgambo na virungu vyao. Mkuu wao alikuwa mwembamba, ila sauti ilikuwa nene kama ameiazima. Alitusikia tunaongea Kihangaza, lugha yetu ya Ngara, kwenye foleni, akatutoa pembeni.

"Nyie, hiyo lugha ni ya upande gani?"

"Ya upande wa mama yangu, afande," nikamwambia.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akatupekua mpaka kwenye vilemba, akaangalia hadi chini ya mabawa ya kuku, sijui alitegemea kukuta nini, bomu au yai. Mwisho akachukua kuku wote wawili akasema, "Watu wa Ngara, kule nyuma kabisa. Na hakuna kutoka mpaka dansi liishe. Ni usalama, hatutaki watu wasiojulikana wanaingia na kutoka."

"Na mtu akibanwa na haja, afande?"

"Ajizuie. Hii ni vita."

Tukapelekwa nyuma, kwenye ukuta wenye kile kidirisha. Watu walipojaa, mlango ukavutwa, tukasikia kufuli inafungwa kwa nje. Madirisha mengine yalikuwa juu karibu na paa, yana nyavu. Ndani giza kama kwenye chungu. Jenereta la bendi lilitosha magitaa tu, kwa hiyo walikuwa wametundika karabai mbili kwenye boriti. Nikamwambia rafiki yangu, sasa hapa tumekuwa pamba. Akasema nyamaza ucheze.

Tukacheza kweli. Siwezi kuwadanganya, bendi ile ilikuwa tamu. Mimi uchezaji wangu ni wa mtu anayekimbia siafu, lakini gizani nani anaona.

Sasa kuna baba mmoja mrefu, amechangamka, akarusha mikono juu. Karabai ikang'oka kwenye boriti ikaanguka. Na sakafu ya ghala la pamba mnaijua, kila ufa una nyuzi za pamba za misimu yote. Moto ukapita chini kama panya. Haukuwa mkubwa, ila moshi wake ulikuwa mwingi, na watu walikuwa wengi. Wote wakakimbilia mlangoni. Wakagonga. Kule nje mgambo wakadhani watu wanashangilia. Bendi nayo, upande wa pili wa ghala, ikadhani hivyo hivyo, ikaongeza kasi.

Mlango ulipokataa, watu wakageuka kurudi nyuma, kwetu. Nilimwona rafiki yangu anakwenda chini. Nilimvuta kwa gauni, akatoka, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia vibaya, na hakulia. Hapo ndipo niliogopa. Huyu mtu analia hata akimenya vitunguu.

Ndiyo nikapachika kichwa kwenye kidirisha. Nilitaka nitoke nikafungue mlango. Mabega yakapita kwa kusuasua. Mengine yakakataa.

Nje palikuwa na mgambo mmoja amekalia gunia, anakula karanga. Karanga za mchango.

"Afande, fungua, ndani kunawaka."

"Rudi ndani, mama. Kutoka ni mlangoni."

"Mlango mmeufunga."

"Ndiyo, kwa usalama wenu."

"Funguo iko wapi?"

"Iko kwa mkuu."

"Mkuu yuko wapi?"

"Kapeleka kuku."

Nikapiga kelele ambazo nadhani walizisikia mpaka Ngara. Waliozima moto si mgambo. Wanamuziki walikuwa wamepewa pipa la rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, ya kuwashukuru. Walipoona moshi umefika kwenye ngoma zao wakaimwaga yote sakafuni, na kuna wazee waliolia kwa ajili ya rubisi kuliko moshi. Mkuu akarudi na funguo yake, akafungua, watu wakatoka wanakohoa, wengine wamechubuka. Mimi nikabaki nimening'inia hapo mpaka wanaume wawili wakanivuta miguu kwa ndani. Gauni likabaki kwenye kidirisha cha karani.

Hospitali hawakuwa na plasta, vita imemaliza kila kitu. Wakamfunga rafiki yangu vibao, wakatuambia wahini kwenu kama kuna mtu anayejua kuunga mifupa. Kwetu alikuwepo. Lori la kurudi Ngara lilikuwa linaondoka Jumatatu asubuhi, na hakuna aliyejua lingine litapita lini.

Asubuhi hiyo nikaitwa ofisi ya chama. Katibu yuko mezani, mkuu wa mgambo amesimama pembeni, watu wamejaa mpaka nje. Kumbe kosa ni langu. Mkuu akasema kuna mgeni amepiga kelele za moto wakati wa vita, akatisha wananchi, ndiyo maana watu wakaumia.

"Ndugu," katibu akaniambia, wala hakuwa mkali, "waombe radhi wananchi hapa mbele, upande lori lenu. Usipoomba utabaki hapa tukuchunguze."

Dereva alikuwa ameshawasha lori. Rafiki yangu amekaa kwenye benchi, mkono umefungwa kwa khanga, jasho linamtoka. Neno lenyewe ni dogo. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Nikamwangalia yule mkuu, nikaona amekwisha kunja mikono anasubiri kulipokea.

"Shikamoo, ndugu katibu," nikasema.

"Marahaba."

"Nilisema moto kwa sababu ulikuwepo moto. Ingekuwa mvua ningesema mvua. Ningekaa kimya leo mngekuwa mnatuzika, mnasema Wahangaza wana adabu sana. Siombi radhi."

"Unajibizana na uongozi?" mkuu akauliza.

"Najibizana na kufuli."

Mama mmoja mtu mzima, mwenyeji wa pale pale, akasimama. Akasema na yeye alikuwa ndani, na yeye alipiga kelele, kwa hiyo wamweke na yeye. Akasimama mwingine. Katibu akafunga kikao, akasema tutaendelea kesho. Nje lori likaondoka. Nililisikia linabadilisha gia kwenye kilima, na sikuwa na ujasiri wa kumwangalia rafiki yangu.

Yule mama akatuchukua kwake. Kila asubuhi naitwa, neno moja tu, ndugu, neno moja. Kila asubuhi nakataa, narudi kula mihogo yake. Rafiki yangu usiku alikuwa anauma shuka ili nisisikie, na mimi nilikuwa nasikia, sikio lilikuwa limeshapona.

Jumapili bendi ikataka kupiga tena. Watu wa Biharamulo wakaja na kuku wao, wakasimama nje ya ghala, wakasema hatuingii kwenye nyumba yenye kufuli. Mkuu akafoka mpaka sauti ikarudi kuwa ya kwake. Hakuna aliyesogea. Mwisho bendi yenyewe ikatoa vyombo nje, dansi likapigwa uwanjani, na mimi nikacheza siafu zangu mbele ya ofisi ya katibu, na gauni la kuazima. Kesho yake nikaambiwa niende zangu. Radhi hawakuipata.

Tukapata lori la magogo. Kila shimo rafiki yangu anafumba macho. Mkono ule uliunga baadaye, ila umepinda, hata leo akibeba ndoo unaona. Tulipofika msituni nikashindwa kuvumilia, nikamwambia, sema basi, unitukane, ningeomba radhi siku ile sasa hivi ungekuwa umeshaungwa.

Akafukuza mbung'o kwanza.

"Ningekuwa nimeungwa," akasema. "Lakini ungewaomba radhi wale, huu mkono mwingine mzima ningeuvunjia mgongoni kwako."