Zamu ya Mama

Fundi alikuwa chooni. Choo cha mashua si mchezo: ukiingia unainama, ukigeuka unajigonga, na maji hayaendi mpaka uyasukume kwa mkono kama mtu anayejaza tairi upepo. Alipomaliza vita hivyo akapanda ngazi taratibu hadi juu, akakuta hakuna mtu.

Akaita mwanawe. Akaita bintiye. Akawaita hata wajukuu, mmoja mmoja. Kilichomjibu ni maji yaliyokuwa yakipigapiga ubavu wa mashua.

Mwanamke huyu alikuwa ameshona sare za shule tangu ujana wake, na wateja walimwita Fundi mpaka jina lake likasahaulika. Alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza alipewa jina la utani la Meneja, kwa sababu hata msibani yeye ndiye hupanga viti. Wa pili ni binti, Kitinda, mwenye moyo mzuri na simu isiyobanduka mkononi. Baba yao alipofariki, Meneja alitoa hoja kwamba mama asiachwe peke yake, Kitinda akaiunga mkono, na hakuna aliyemuuliza mwenye mambo yake. Nyumba ikafungwa kufuli, cherehani ikafunikwa shuka, na mama akaanza kuishi kwa zamu: miezi mitatu kwa kaka, miezi mitatu kwa dada, mkoba mkononi kama mtihani unaosahihishwa na walimu wawili.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Fundi alikuwa mgeni wa miaka miwili, na hakuna aliyempa hata sindano. "Mama, pumzika," walimwambia. Alipumzika mpaka akachoka.

Safari hii ya baharini ilikuwa wazo la Meneja. Alikodi mashua ya matanga, pamoja na nahodha na mpishi wake, wazunguke visiwa visivyo na watu. Fundi alikubali kwa sababu moja tu: alitaka kuwapata watoto wake wote wawili mahali pasipo na mlango wa kutokea, awaambie pamoja jambo ambalo Kitinda peke yake alikuwa amedokezwa: anataka kurudi kwake. Jana yake upepo ulikuwa mkali, na huwezi kuzungumza jambo la maana na mtu anayetapika ndooni. Lakini asubuhi hii mashua ilikuwa imetia nanga kwenye ghuba tulivu, naye akajisemea: leo ndiyo leo, asemaye kesho ni mwongo.

Kumbe siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kubadilishana zamu. Meneja alishuka kwanza na familia yake kwenye boti ya mpira, nahodha akiendesha. Alihesabu maboya, taulo na watoto wake. Mama hakumhesabu, maana zamu yake iliisha jana. Kitinda akashuka baadaye na mumewe, watoto na mpishi kwenye kiboti cha makasia, wakaenda upande wa pili wa mwamba. Aliona mama hayupo, akajua kaondoka na kaka, kwa kuwa kwa hesabu yake zamu yake mwenyewe ingeanza jioni hiyo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mimi ninayesimulia. Mtu mwenye nia mbaya angalau angekumbuka kumwacha.

Fundi aliuona mwavuli wa Meneja ufukweni, na watu wadogo wadogo wakirukaruka majini. Akavua mtandio wake mwekundu, akaupunga kwa nguvu zote. Kule mikono ikainuka, nayo ikapunga kwa furaha. Moyo ukamtulia. Wameniona, akawaza, boti inakuja. Akajipaka mafuta mikono, akakaa ukingoni na mkoba wake mapajani.

Boti haikuja.

Jua lilipomchoma akarudi kivulini. Akala mkate na ndizi, akaosha kikombe, akakiosha tena. Kwenye kamba kulikuwa na shati la mkwewe lenye kifungo kinachoning'inia. Akatoa sindano mkobani, akakikaza. Kisha akajaribu maneno yake kwa sauti, "Wanangu, nisikilizeni," na aliposikia jinsi yalivyotoka, yakianguka majini bila mtu wa kuyaokota, akalia. Alimzika mumewe akijikaza mbele za watu. Siku hiyo alilia kwa sauti, kwa vile hapakuwa na wa kumwambia nyamaza.

Walirudi jioni kwa wakati mmoja, boti moja kila ubavu wa mashua, mchanga hadi masikioni. "Shikamoo Bibi!" watoto walipiga kelele, wakapita mbio kwenda kujimwagia maji. Hakuna aliyeshangaa kumkuta pale. Kila mmoja aliamini kaletwa na boti ile nyingine.

Mezani Meneja akakohoa kidogo, kama kawaida yake kabla ya hotuba.

"Mama, Kitinda kaniambia unawaza kurudi kwako. Tunakuelewa, lakini haiwezekani. Utakaaje peke yako na umri huo? Siku ukianguka, nani atajua?"

Maneno yote aliyoyafanyia mazoezi yakamtoka kichwani. Akauliza tu, "Leo nilikuwa wapi?"

"Si kwa kina Kitinda?"

"Kwangu?" Kitinda akaweka simu chini. "Kaka, si alikuwa na wewe?"

"Baba," mjukuu mmoja akasema, "yule mpishi aliyetupungia, mbona alikuwa na mtandio kama wa Bibi?"

Mpishi akasimama na sufuria mkononi. "Mimi nilikuwa na dada kule, nachoma samaki."

Kitinda akaanza kulia. Meneja akasukuma sahani yake pembeni. "Mama... tusamehe."

"Nimeshawasamehe, baba. Sina kinyongo." Fundi akamsogezea bintiye kitambaa afute machozi. "Ila nirudisheni. Pale kwangu, jirani na meza yangu ya cherehani barazani, kuna fundi viatu. Si ndugu, wala hatupendani sana. Ana mdomo mchafu. Lakini asubuhi nikichelewa kufungua mlango, anakuja kugonga dirisha: 'We Fundi, u mzima humo?' Asipojibiwa, haondoki."