Jogoo wa Shingo Tupu na Sebule ya Shemasi

Shule niliiacha mapema, siku mwalimu alipokataa kunieleza kwa nini treni haina usukani. Tangu hapo nimekaa mahali pengi, kwa sababu nikishaona jinsi kitu kinavyofanywa, kinanichosha. Nimevua samaki Nzilo, nimebeba magunia Kisenge, nimeosha mawe ya shaba pembeni mwa Kolwezi. Kuku ndio walionikalisha chini, tena Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambamo mtu mwenye akili hafugi chochote chenye miguu, maana watu wamechimba kobalti kila mahali, hata chini ya vitanda vyao.

Niliwapata Kisenge kwa mtu aliyekuwa anarudi kwao: jogoo mmoja na mitetea watatu, wote kishingo, shingo tupu kutoka chini ya kichwa mpaka kifuani, nyekundu kama pilipili. Nilimpa redio yangu. Aliapa kwamba joto haliwasumbui, kwamba wanataga vizuri, na kwamba kuwanyonyoa ni nusu ya kazi. Yote yalikuwa kweli. Hakunionya tu jinsi watu wangewatazama.

Mama mwenye nyumba nilimopanga chumba, mjane ambaye babu yake aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, aliwazunguka mara mbili.

"Mutoto wangu, uliiba aba bakuku wakati mwenyewe alishaanza kubanyonyoa?"

"Hapana, mama. Njo vile banazaliwa."

"Mm. Sikia sasa. Siku jirani atakuya hapa kulalamika juu yabo, unatoka. Wewe mbele, bo nyuma."

Nilikubali, kwa sababu nilikitaka kile chumba. Kilikuwa na dirisha la kutazama ua, na ndani ya ua kulikuwa na viumbe ambao kila asubuhi walinifanyia jambo nisilolielewa. Mtetea mmoja alitaga ndani ya wigi ambayo mama huvaa kanisani. Mama alinisamehe, ila yai alilila yeye. Mara nyingine jogoo alichubuka shingo, nami nikampaka mafuta ya mawese kama dawa. Shingo ikang'aa, ikazidi kuwa nyekundu, na wake zake wote watatu wakamdonoa kutwa nzima wakidhani ni chakula. Alilala juu ya paa siku nne.

Alhamisi moja, baada ya mvua kubwa, jogoo akapotea.

Nilimshuku jirani yetu. Alikuwa shemasi, mpangaji wa mama katika nyumba tuliyopakana nayo ukuta, na mara mbili alikuwa ameniambia kwamba shingo kama ile ingependeza kwenye mchuzi. Siku hiyo moshi ulikuwa unatoka jikoni kwake, na pua yangu ikaniapia kwamba kinachonukia ni kuku. Nikaenda kusimama mlangoni pake, mbele ya wanawake waliokuwa wanachota maji.

"Tata, rudisha jogoo yangu! Hata kama imebaki mifupa!"

Shemasi aliingia jikoni. Alileta sufuria, akafunua. Sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu. Wanawake walicheka mpaka maji yakamwagika, na yeye akaenda moja kwa moja kwa mama.

Mama aliniita. "Kesho asubuhi unamuomba pardon, mbele ya bale bale bantu. Kiisha unakunja blanketi yako."

Asubuhi nilikuwa nafunga fuko langu niliposikia jogoo anawika. Nilitoka mbio. Hakuwa juu ya paa wala nyuma ya choo. Akawika tena, na sauti ikapita katika nyayo zangu. Papo hapo shemasi, nyumbani kwake, akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa nguvu zote. Jogoo akanyamaza, shemasi naye akanyamaza. Jogoo akawika, shemasi akarukia ubeti wa pili.

Mama alitoka na mswaki mdomoni. Tukasikiliza pamoja.

"Tangu lini anaimbaka mbele ya kunywa chai?" akauliza.

Alibisha hodi kwa shemasi, akaingia kabla hajakaribishwa, akaniamuru nisogeze kochi. Chini ya kochi kulikuwa na mkeka, na chini ya mkeka shimo.

Kasulo, shimo sebuleni si aibu. Aibu ni kulianza kimya. Mtu hapasui sakafu ya nyumba ya kupanga kabla ya kuketi na mwenye ardhi na kukubaliana fungu lake katika kila gunia. Hilo hata mgeni wa juzi analijua, na shemasi alikuwa amekaa pale miaka.

Nilishuka kwa kukanyaga vijishimo vya miguu vilivyochongwa ukutani, tochi ya simu mdomoni. Kutoka chini njia ilikwenda upande wetu. Nilitambaa mpaka nikamwona jogoo ameketi chini ya tundu dogo la mwanga, mzima, amejaa vumbi jeusi. Tundu lenyewe nililifahamu: lilikuwa kando ya jiko la mama, na mimi nilidhani ni la panya. Mvua ilikuwa imelipanua, jogoo akadumbukia. Mbele yake palikuwa na tonge la bukari, ugali wa kwetu, na maji ndani ya kifuniko. Shemasi alikuwa amemlisha. Kumrudisha ndiko kulikomshinda, kwa sababu angeniambia amemwokota wapi?

"Mama!" nikapiga kelele. "Niko chini ya chungu yako!"

Nilipopanda, wale wanawake wa maji walikuwa wameshajaa mlangoni.

"Bado uko na pardon ya kuomba," mama akasema. "Jana ulimuita mwizi ya kuku."

Nikasimama mbele ya shemasi, udongo masikioni, jogoo kwapani. "Tata, nisamehe. Ni kweli, haukuiba jogoo yangu. Uliiba tu udongo ya mama."

Wanawake walipiga vigelegele. Mama hakucheka, nami nikajua nimekipoteza chumba kwa mdomo wangu. Alinitazama, akamtazama shemasi.

"Tata, uko unalalamika?"

Shemasi aliliangalia shimo, akaangalia mlango uliojaa watu.

"Hapana, mama. Hakuna mutu analalamika."

"Basi, wewe, fungua fuko yako. Kiisha munarudisha udongo chini ya jiko yangu, bote babili. Leo."

Tulibeba udongo mpaka saa kumi. Kwenye ndoo ya mwisho shemasi akaninong'oneza, akiuliza kama kweli kuku wa aina ile wanataga vizuri. Nilimwambia asubiri kidogo, nilikuwa sijamaliza kumkasirikia.