Mtu Aliyekuja Kuitafuta Mbeya ya Dhahabu

Nilipoposwa na fundi cherehani wa Mbeya, shangazi yangu alilia kama aliyefiwa. Tulikuwa tukikaa Mlandege, Iringa, miaka ya hamsini ikianza, na kwetu Mbeya lilikuwa jina la kunong'ona. Watu walisema wachimba dhahabu wa Chunya hushukia huko, wakanywa mpaka wakalala barabarani, na kwamba hakuna mke wa mtu aliye salama.

"Funga mlango wako," shangazi aliniambia siku ya safari. "Hata adhuhuri, funga."

Nikafunga. Tulipanga chumba cha mwisho katika nyumba ndefu ya bati. Kila mume wangu alipokwenda kazini nilitia komeo, kisha nikasogeza kinu nyuma ya mlango. Niliogopa hata kwenda bombani. Aliyenitisha zaidi ni jirani yetu, mama mtu mzima, kwa sababu mume wangu aliniambia kuwa zamani alikuwa na kilabu cha pombe. Akinisalimu, niliitikia nikitazama chini.

Alasiri moja mume wangu alikwenda Iyunga kupeleka nguo za mteja. Mimi nilikuwa na mimba kubwa. Nikasikia mlango unagongwa. Nikanyamaza. Ukagongwa tena, kisha ukasukumwa, kinu kikasogea.

"Fungua. Nimetoka mbali," sauti ya kiume ikasema, ikaita jina la mwanamke nisiyemjua.

Nilikaa chini, nikaegemeza mgongo kwenye kinu na kukaza miguu kwenye tendegu la kitanda. Juu ya kichwa changu niliona misumari ya komeo ikichomoka kidogo kidogo.

Ndipo nikamsikia jirani. Hakupaza sauti.

"Unamtafuta nani?"

Mwanamume akalitaja lile jina.

"Huyo alikufa. Wewe ulikuwa Chunya?"

"Nilikuwa. Nikaenda migodi ya kusini, ndiyo kwanza narudi. Mbona kimya hivi? Ngoma ziko wapi? Watu wako wapi?"

"Dhahabu ilipungua, wakaondoka. Sasa hapa watu wanakaa na familia zao. Humo yumo binti wa watu, ana mimba, na wewe unamtisha."

Nilisikia pumzi za yule mwanamume upande wa pili wa mbao. Mwisho nikasikia viatu vinaburuzwa kuelekea barabarani.

"Mwanangu, ameondoka," jirani akasema.

Nilipofungua nilimkuta ameshikilia nguzo ya baraza.

"Nilimtambua," akasema. "Aliwahi kumkata mtu panga uani kwangu."

Tangu siku hiyo tulishinda pamoja, mlangoni kwake au kwangu, tukisikiliza kila hatua iliyopita nje.

Siku za kujifungua zilipokaribia nilirudi kwetu Iringa. Shangazi alinipokea vizuri, lakini usiku wa kwanza alimhamisha mdogo wangu wa kike asilale chumba kimoja nami. Wanawake waliokuja kumwona mtoto waliniuliza kama kweli huko wanawake wanavuta sigara njiani. Nikawaambia kwamba mtaani kwetu jioni husikii ila watoto wakisoma Kurani. Wakatazamana.

Nyuma ya nyumba yetu, wakati sipo, palikuwa pamefunguliwa baa yenye gramafoni. Jumamosi moja, magharibi imetoka kuswaliwa, ugomvi ulitoka humo ukaingia uani kwetu. Tulisikia chupa zikipasuka ukutani na mtu akipigwa. Tukazima taa, tukajibana chumba cha kati, mtoto nimemfunika kwa khanga asilie. Kioo cha dirisha kikavunjika, vipande vikamwagika mkekani.

Shangazi alinishika mkono.

"Hao lazima wametoka Mbeya," akanong'ona.

Mmoja wao nilikwisha kumtambua kwa sauti: mtoto wa nyumba ya tatu, niliyesoma naye chuo cha Kurani, akimwita mwenzake aje na jiwe.