Miiba ya game yetu ilivyonihamisha Unyambwa

Wakuu, poleni na majukumu. Nina jambo nimelibeba tangu msimu wa mvua uliopita na sijalisimulia popote. Atakayesema ni chai, nimetunga, sawa, ila mimi nilikuwepo.

Kwanza mnifahamu. Mimi ni dada, nafanya kazi steshenari hapa Singida mjini. Nilikuwa nimepanga chumba Unyambwa kwa mama mmoja mjane, tumwite Mama Ramla. Mama mwema kupita kiasi. Akipika, sahani yangu ipo. Shida yake ilikuwa mguu, umevimba muda mrefu, hospitali anaenda na kurudi na dawa zilezile.

Sasa mimi ni mtu wa webcomic, zile katuni za kusoma mtandaoni. Kuna moja inamhusu bibi kizee anayefuga simba na kuwatuma kwa maadui zake. Wengi wanamchukia. Mimi ni team Bibi damu damu, maana ukiisoma toka mwanzo, walioanza ugomvi ni wale wanaojiita mashujaa.

(Najua humu kuna watakaobisha. Tutagombana kwenye comments.)

Rafiki yangu Elisha akaigeuza ile hadithi kuwa tabletop RPG. Kwa wasiojua: mnakaa mezani, kila mtu anakuwa mhusika, mmoja anaongoza hadithi, dadu inaamua nani kapiga na nani kapigwa. Tulicheza chumbani kwangu Jumapili mchana, mimi, yeye na wenzetu wawili.

Vile vinyago vya plastiki wanavyotumia wenzetu wa nje hatuna. Nikafinyanga vya udongo. Bibi nilimtengeneza kwa mapenzi, nikamvika kipande cha khanga kuukuu aliyonipa Mama Ramla nifanyie dekio.

Na majeraha? Elisha alisema kuandika kwenye karatasi kunaboa. Mhusika akipigwa, tumchomeke mwiba wa mgunga palepale alipopigwa. Miiba huku ni bure. Na ilipendeza kwa kweli, ukiitazama meza tu unajua nani anakaribia kufa.

Jumapili moja tukaishia katikati ya vita. Dadu zilikuwa zimemkataa Bibi, miguu yote imejaa miiba. Sheria ya Elisha ni kwamba game ikisimama, hakuna kugusa kitu. Nikaviweka vyote kwenye boksi la viatu, chini ya kitanda.

Hakuna aliyewaza, wakuu. Watu wazima wanne, mmoja ana digrii.

Wiki hiyo paa likavuja. Mama Ramla akaingia chumbani na fundi wakati niko kazini, wakasogeza kitanda kisilowe.

Simu yake ilikuwa fupi. "Rudi nyumbani." Hakuna mwanangu, hakuna salamu. Nikajua kuna msiba.

Nilipofika, ua umejaa watu. Boksi liko juu ya kigoda, wazi. Nikasema shikamooni. Hakuna mzee hata mmoja aliyeitika. Huku kwetu wazee wakikunyima marahaba mbele za watu, ujue umeshahukumiwa.

Mama Ramla alikuwa amekaa mkekani, mguu ameunyoosha. "Mwanangu, mimi nilikukosea nini?"

Hilo swali liliniuma kuliko yote yaliyofuata.

Nikajieleza. Ni mchezo. Ni katuni. Balozi wetu wa nyumba kumi akasema niionyeshe hiyo katuni. Nikafungua simu, na picha ya kwanza kutokea ni Bibi amekaa katikati ya simba wake. Nikawa nimejimaliza mwenyewe. Wageni mnaweza kucheka, ila Singida habari za simba watu, wale wanaosemekana kutumwa na wachawi kuua, siyo za kuchekesha watoto. Pale uani kulikuwa na watu ambao bibi zao walizika ndugu.

Jirani mmoja, Baba Neema, akaanza kupaza sauti. "Tunangoja nini? Mguu wa mama huo, na miiba hiyo hapo!" Mtu mmoja akaokota tofali. Simu ya Elisha, mbunifu wetu wa miiba, haipatikani.

Balozi akanyoosha mkono watu wanyamaze. "Ichomoe. Yote. Sisi tunaona."

Nikachomoa mmoja mmoja, nalia, nasali Baba Yetu kimoyomoyo. Nilidhani nikimaliza na lisitokee lolote, wataona ni udongo tu.

Mwiba wa mwisho ulipotoka, Mama Ramla akaukunja mguu. Akaukunjua. Akasema taratibu, "Umekuwa mwepesi."

Wakuu, sijawahi kuogopa vile. Angesema bado unauma, ningekuwa mchawi mkaidi. Ameona nafuu, basi mimi ni mchawi kamili.

Aliyeniokoa ni yeye mwenyewe. Alisema nisiguswe, kwa kuwa nimeitoa mbele yake na amenisamehe. Amenisamehe! Siku hiyohiyo nikahamia Utemini kwa mwenzangu wa kazini. Nikadhani yameisha.

Juzi Baba Neema kaja steshenari. Mzee wa kunizaa. Akasimama mbele ya kaunta, akavua kofia, akaniambia, "Shikamoo."

Mimi!

Akaweka picha ya pasipoti kwenye kioo. Ni mdogo wake, wanagombania shamba Misigiri. "Mguu tu," akasema. "Sitaki afe." Nikamwambia baba, mimi sina huo uwezo, ule ulikuwa mchezo. Akatabasamu. "Najua huwa hamkubali siku ya kwanza." Akaondoka, picha akaiacha.

Huyo mdogo wake simjui. Nasikia anaendesha bodaboda. Siku akiteleza tu, kaka yake atanishukuru hadharani, na hapo hakuna Mama Ramla wa kunitetea. Kila asubuhi naiombea miguu ya mtu nisiyemjua.

Funzo nililopata: kabla hujaleta mchezo mtaani, jiulize mtu akivikuta vifaa vyako wewe hupo, ataona nini. Maelezo yako yatafika yamechelewa.

Mnaocheza tabletop huko mikoani, majeraha mnahesabu kwa kutumia nini? Kunde, vijiwe, semeni. Na hii picha ipo kwenye droo, nishaurini kabla Baba Neema hajarudi. Nikiichana ni uchawi. Nikiichoma ni uchawi. Nikiizika ndiyo kabisa.