Chai ya Mgombea

Burulcha, mshona magodoro wa kijiji cha Ak-Terek, aliwakaribisha wagombea wa vyama viwili wabishane nyumbani kwake, mbele ya majirani. Binti yake Nurai hakuacha kukohoa tangu kiwanda cha saruji kizime vichujio vya moshi. Sheria ilikuwepo, ubishi ulikuwa kama serikali ikilazimishe kiwanda kuifuata.

"Tukikibana kitahama," alisema Turat, mgombea wa chama cha kwanza. "Shemeji anafanya kazi wapi, dada?"

"Hapo hapo kiwandani."

Sagyn, mumewe, aliinamia mkate wake.

"Basi ungekuwa wa kwanza kukitetea."

"Tukishinda, wakaguzi wataingia mwezi huo huo," alidakia Meerim, mwalimu aliyegombea kwa chama cha pili.

Nurai akakohoa chumba cha pili.

"Baridi hiyo," Turat alisema. "Msugue mafuta ya mkia wa kondoo, atapona."

Burulcha alilichukua bakuli la Turat. Alijua meneja wa kiwanda ni rafiki wa mgeni huyo, na Sagyn angeweza kufukuzwa kazi, lakini alimimina chai mpaka ukingoni. Kwao mgeni anayependwa hutiliwa kidogo kidogo, ili aongezwe tena. Bakuli likijazwa, ameambiwa aende zake.

"Punguza, mke wangu," Sagyn alinong'ona.

"Sipunguzi. Kunywa, kaka, isije ikapoa."

Turat alitafuta kofia yake.

Meerim akanyoosha bakuli lake kwa tabasamu. Burulcha alimtilia kidogo.

"Wakaguzi wasipofika, mwalimu, na lako nitalijaza."